Nyumba ya Kale ya Lamu Yatufunza Nini?

Habari za Ngome ya Yesu ya Mombasa na magofu ya Gede zimeandikwa mara nyingi. Leo, ndugu msomaji, nataka nikupeleke mahali padogo zaidi, ndani ya vichochoro vya mji wa Lamu, ambapo hapana mizinga wala minara. Pana nyumba tu, nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18, ambayo Makumbusho ya Taifa yaliitengeneza upya ili watu waione kama ilivyokuwa.

Nilianzia forodhani, kwenye Makumbusho ya Lamu yenyewe. Jengo hilo lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, na wakuu wa serikali ya Kiingereza wakakaa humo mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Liligeuzwa makumbusho mapema katika miaka ya 1970, na msimamizi wake wa kwanza akawa James de Vere Allen, Mwingereza aliyeandika mengi juu ya Waswahili. Hapo utajifunza habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, na habari za siwa mbili mashuhuri za visiwa hivi. Siwa ya Pate imechongwa kwa pembe ya ndovu na urefu wake wapita mita 2. Ya Lamu ni ya shaba. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilikuwa alama ya enzi, na sauti yake ilisikika katika arusi za wakubwa na shughuli kuu za mji.

Hayo ni mambo ya fahari, na fahari ina siku zake. Siku zote nyingine watu hukaa majumbani mwao. Kwa hiyo sikukawia forodhani. Nikaingia mjini kuitafuta nyumba.

Ukifika mlangoni, kwanza wakutana na daka, kibaraza kilichofunikwa chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipopokea wageni wa kupita, wakanywa kahawa na kuzungumza. Nyuma ya mlango pana tekani, kiingilio kilichopangwa ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Dini yetu imetuamrisha tubishe hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu. Mafundi wa Lamu waliijenga amri hiyo kwa mawe na chokaa.

Baada ya tekani kuna kiwanda, uwanja usio na paa unaoleta mwanga na hewa. Kisha vyumba vyafuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Kila ukiingia chumba kingine waenda juu kidogo na mwanga wapungua, nawe wakaribia faragha ya wenyewe. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni mti. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki upana mkubwa. Upana wa chumba hauwezi kufika hata mita 3. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na unene wake wakaribia nusu mita, basi hata jua likiwa kali nje, ndani kuna baridi.

Uzuri mkubwa uko ndani, kwenye ukuta wa zidaka. Ni safu kwa safu za vijishubaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, humo zikapangwa sahani na bakuli za Kichina zilizoletwa na majahazi. Nilipokuwa nautazama ukuta huo, aliingia bibi mmoja wa mjini pamoja na mjukuu wake wa kiume. Bibi akawa anamtajia kila mahali kwa jina lake, na mtoto anarudia.

Mtoto akauliza, "Bibi, na wenyewe wako wapi?"

Bibi akacheka kidogo, akamwambia, "Wenyewe ni sisi, mjukuu wangu. Ndiyo maana nimekuleta."

Nyuma ya ndani kuna nyumba ya kati, chumba chenye giza kuliko vyote. Humo ndimo mzazi alimojifungulia, na humo ndimo maiti alimooshwa. Basi chumba hicho kimoja kilimpokea mtu alipokuja duniani, na kikamwaga alipoondoka. Hata chooni pana elimu yake: katika birika la maji waliwekwa samaki wadogo, wakala viluwiluwi vya mbu. Jiko nalo liliwekwa juu kabisa, chini ya makuti, moshi usije ukawasumbua watu.

Walakini tusiisifu nyumba tukasahau mikono iliyoijenga. Mali iliyojenga majumba haya ilitokana kwa sehemu kubwa na jasho la watumwa waliolima mashamba ya bara, na watumwa waliishi na kufanya kazi ndani ya nyumba hizo hizo. Utumwa ulikomeshwa na sheria katika pwani yetu mwaka 1907. Mjukuu anayefundishwa majina ya vyumba afundishwe na hilo pia, kwa maana wengi wetu tumetokana na pande zote mbili.

Jambo lililonikaa moyoni zaidi ni lile la mabinti. Katika familia zenye uwezo, ilikuwa ada baba kumpa binti nyumba anapoolewa. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Kama hapakuwa na kiwanja, baba alijenga juu ya nyumba yake, au akavusha wikio, yaani chumba kilichopita juu ya njia, kikaungana na nyumba ya pili. Ukitembea Lamu ukapita chini ya wikio, ujue huenda juu yako ni njia ya mama kwenda kwa mwanawe bila kushuka barabarani. Mwanamke alikuwa na kuta zake mwenyewe. Akiachwa au akifiwa, hakuondoka. Aliyeondoka ni mwanamume.

Mambo yamebadilika. Tangu miaka ya 1970 wageni kutoka ng'ambo wamenunua nyumba nyingi za kale, hapo mjini na Shela. Wengine wamezitengeneza vizuri sana kuliko tungeweza sisi, nasi hatuna budi kulisema hilo kwa haki. Lakini nyumba ikiuzwa, binti huondoka na zidaka zake hubaki. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Orodha hiyo yaweza kusaidia kulinda ukuta usivunjwe, wala haiwezi kumzuia mwenye nyumba asiuze.

Na kwa nini huuza? Aghalabu si kwa tamaa. Nyumba moja huwa na warithi wengi, kila mmoja na fungu lake dogo, na fungu la ukuta halilipi karo ya shule. Chokaa yataka fedha, na fundi wa kuchonga lipu hapatikani kila siku. Mwisho wake huwa ni kuuza na kugawana. Wazee wetu walijua njia nyingine: wengine waliweka nyumba wakfu kwa vizazi vyao, isiuzwe wala isirithiwe. Njia hiyo ina sheria zake na mashaka yake, na yafaa masheikh na makadhi waulizwe mapema, wakati mwenye nyumba angali hai. Tanga likishatandikwa na warithi wamekusanyika, huwa wamechelewa.

Makumbusho yamefanya kazi yake. Yamehifadhi nyumba moja ili atakaye kujua ajue. Zilizobaki ni zetu. Msomaji aliye na bibi au shangazi aliyezaliwa katika nyumba ya mawe na akamuulize leo jina la kila chumba, na nani alilala wapi, kisha ayaandike. Karatasi na kalamu si ghali, na ajuaye majina hayo hatakaa nasi milele.