Kucha za Kubandika na Udhu wa Mwanamke

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, katika miji yetu wamezoeleka vijana wa kiume wanaopita nyumba kwa nyumba na vikapu vyenye chupa za rangi, wakiwasugua kina mama miguu na kuwapaka rangi kucha. Mwanamke huketi barazani, akampa mkono wake mwanamume asiye maharimu wake, naye akaushika kwa muda mrefu. Mume hupita, akaona, wala asiseme neno. Kwa kulikimbia hilo, na kwa kuepuka gharama za saluni, dada zetu wengi wamezigeukia kucha za kubandika: vipande vya plastiki vilivyokwisha kutiwa rangi, ambavyo mtu hujibandika mwenyewe chumbani mwake. Wanauliza: je, hii si nafuu kisharia?

Insafu yatutaka tukiri kwamba kwa upande wa kumwepuka mwanamume wa kando, ni nafuu kweli. Lakini hapo suala limetoka kwa anayeushika mkono, likahamia kwa maji yanayopaswa kuufikia.

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Surat Al-Maida, aya ya 6, ameamrisha kuosha mikono mpaka vifundoni, na ukucha ni sehemu ya mkono. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mguuni pake mahali padogo kiasi cha ukucha pasipofikiwa na maji. Mtume (S.A.W.) alipomwona alimwamuru arudi akatawadhe vizuri. Basi zingatia: pale palikuwa ukucha mmoja, na hapa tunazungumzia kumi.

Imam Nawawi, ambaye rai zake ndizo tegemeo kwa sisi wafuasi wa Imam Shafi, ameeleza katika Al-Majmu kuwa nta, unga uliokandwa au hina ikigandamana na kiungo, ikazuia maji, udhu hausihi. Ikiwa kilichobaki ni rangi tu ya hina na kiini chake kimeondoka, udhu ni sahihi. Kipimo ndicho hicho. Hina huingia katika ukucha ikaugeuza rangi; plastiki hukaa juu yake kama kifuniko.

Wako wanaojenga hoja kwa khofu mbili, wakisema: mbona tunaruhusiwa kupangusa juu ya khofu za miguuni kwa mchana na usiku mmoja, na msafiri siku tatu? Kiasi hicho hakisimami. Kupangusa khofu ni ruhusa iliyothibiti kwa maandiko, na ni ya miguu. Kupangusa juu ya bendeji nako ni kwa dharura ya jeraha. Pambo si jeraha. Wala tayamamu haimsaidii mwenye kucha hizi, maana maji anayo na maradhi hana.

Hata hivyo, si kila kucha ya kubandika ina uzito mmoja. Ziko za vibandiko vya kunata, ambazo hutoka kwa kuloweka vidole katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na mafuta kidogo. Ziko za gundi kali, ambazo hukaa siku nyingi na mara nyingi hutaka asetoni. Aina ya kwanza mwanamke anaweza kuitumia bila kuidhulumu Sala yake: atawadhe, kisha abandike, na asali kwa udhu huo maadamu haujatenguka, kwa kuwa maji yalifika kabla ya kizuizi. Ukitenguka, azitoe ndipo atawadhe tena. Aliye katika hedhi hana Sala inayomdai, hivyo yeye ana wasaa zaidi, ila azitoe kabla ya josho la kujitoharisha.

Mtihani mkubwa uko kwa bibi harusi. Hubandikwa kucha za gundi asubuhi, na kuanzia Adhuhuri hadi Isha hasali, kwa kuwa haiwezekani kuharibu kilicholipiwa. Kisha anaingia kwa mumewe, linamwajibikia josho la janaba, na kucha bado zimo. Anaoga, lakini josho halijatimia, na Sala zinazofuata zinajengwa juu ya josho hilo. Wiki ya kwanza ya ndoa inapita hivyo, na si mama mzazi, si somo wala kungwi aliyemtanabahisha. Nionavyo mimi, lawama kubwa ni yetu sisi wazee kuliko ya binti.

Baadhi ya wanazuoni wamezilinganisha kucha hizi na kuunga nywele, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) amelaani mwenye kulifanya na mwenye kufanyiwa. Wengine wameziona kuwa pambo la muda, na mimi naelekea huko, kwa sharti la maji na kwa sharti kwamba pambo halionyeshwi ajinabi. Kucha ndefu zina suala jingine, kwani kukata kucha ni katika mambo ya fitra, na Anas (R.A.) amesimulia kuwa muda uliowekwa usizidi siku arubaini.

Upande wa afya nao haudharauliki. Maji yakinasa chini ya plastiki, vijidudu hustawi na ukucha huweza kugeuka kijani au kushikwa na ukungu. Mwezi Septemba 2018, Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania, aliwazuia wabunge wanawake kuingia bungeni na kucha na kope za bandia, akitaja sababu za kiafya.

Kina mama wanaoosha maiti wanalo lao la kuzingatia. Kucha za bandia huondolewa kabla ya josho la mwisho, kwa upole, kwa maji ya vuguvugu na mafuta, kwani heshima ya maiti ni kama ya aliye hai. Jamaa wa marehemu wanaojua kuwa alizibandika wawaambie waoshaji mapema, kabla sanda haijafungwa.

Wallahu a'lam.