Makumbusho ya Meru na Fundi Asiye na Jina

Siku ukifika mjini Meru usikimbilie sokoni tu. Pana nyumba moja ya zamani ya wakati wa ukoloni, iliyojengwa mnamo 1916 hivi, ikawa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Wa kwanza kuletwa Meru kwa cheo hicho, mwaka 1908, alikuwa Mwingereza E. B. Horne, ambaye wenyeji walimbandika jina Kangangi. Mwaka 1974 nyumba hiyo ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kumbe pale palipotoka amri za mzungu ndipo siku hizi vyombo vya babu zetu vimewekwa!

Makumbusho ya Nairobi yalianza mbali kidogo na mambo haya. Wazungu walioyaanzisha mwaka 1910 walipenda sana wadudu, ndege na mimea. Mwaka 1930 yakaitwa Coryndon, jina la gavana, na baada ya uhuru yakawa ya Taifa. Meru, kazi ya mikono ya watu ndiyo iko mbele. Hata uani pamejengwa boma la Kimeru.

Sasa fikiria ngoma ya Chuka. Fundi hutafuta gogo refu, akalitoboa ndani, akaliwamba ngozi. Mpigaji huibana katikati ya mapaja na kuipiga huku akicheza. Au mzinga wa nyuki wa Mbeere na Tharaka, ambao ni gogo pia. Mzinga hutiwa alama ili mwenyewe au ukoo wake ujulikane. Ajabu ni kwamba mwenye mzinga anajulikana lakini aliyeuchonga hakumbukwi.

Ndivyo ilivyo katika makumbusho mengi. Kitu huandikwa jina la kabila, basi. Je, kabila zima lilishika tezo? Jak Katarikawe wa Uganda hakusomea uchoraji, alikuwa dereva. Lakini picha zake ziliuzwa Nairobi zikiwa na jina lake, na alipofariki mwaka 2018 magazeti yalimtaja. Fundi wetu wa ngoma naye hakusomea. Mimi sioni tofauti yao, ila mmoja alipaka rangi na mwingine akachonga.

Huku Embu wazee wa kuchonga mizinga bado wapo, ingawa wachache. Chama chetu kina madaftari. Likizo ijayo kila mmoja amwulize mzee mmoja jina lake, kijiji chake, alifundishwa na nani na anatumia mti gani. Tuyaandike kabla hawajaondoka.