Ukadiriaji wa sifa za tairi kwa GPS

Ukadiriaji wa sifa za tairi kwa GPS ni njia ya kujua hali ya matairi ya gari linapotembea, kwa kulinganisha kasi inayopimwa na satelaiti na kasi ya mzunguko wa magurudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia hii ilifanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Tairi linalosukuma gari halibiringiki tu, bali huteleza kidogo juu ya barabara. Gari likienda mita 20 kwa sekunde huku uso wa tairi ukizunguka kwa mita 20.2, mtelezo ni asilimia 1. Dereva hauhisi. Wakati wa kufunga breki magurudumu yote manne huteleza, kwa hiyo hakuna gurudumu linaloonyesha kasi halisi ya gari. Kipokezi cha GPS hakitegemei barabara: hupata kasi kutokana na badiliko la masafa ya mawimbi ya satelaiti (athari ya Doppler), kwa kosa la sentimita chache tu kwa sekunde.

Ugumu uko kwenye nusukipenyo cha tairi. Ili kupata kasi ya uso wa tairi, mzunguko huzidishwa kwa nusukipenyo. Kikiwa sentimita 30, kosa la milimita 3 huleta mtelezo wa uongo wa asilimia 1, sawa na ule unaotafutwa. Tena hubadilika kwa upepo, mzigo na uchakavu. Kwa sababu hiyo hukadiriwa pamoja na ukakamavu wa tairi, yaani nguvu inayopatikana kwa kila kiasi cha mtelezo. Nguvu hukokotolewa kwa masi ya gari na mchapuko wake, baada ya kuhesabu mlima na ukinzani wa hewa. Dereva anapoachia mafuta bila kukanyaga breki, mtelezo hukaribia sifuri na nusukipenyo hujionyesha.

Kwenye kona huhitajika antena mbili juu ya paa. Hizo huonyesha gari limeelekea wapi, na kasi huonyesha linakwenda wapi. Tofauti yake ni pembe ya kuteleza kando.

GPS hupima mara chache kwa sekunde na hukatika ndani ya mahandaki, hivyo huunganishwa na vihisi vya mchapuko na mzunguko vilivyomo garini.