Maktaba na Sheria Zake (5): Bodi na Masanduku ya Vitabu

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, izinduliwe Dodoma mapema 2025, mijadala imekuwa ya mitaala, mafunzo ya amali na miaka 10 ya elimu ya lazima. Yote mema. Ila maktaba ni kama mgeni aliyefika harusini bila kadi: yupo, hakuna anayemkaribisha.

Wiki iliyopita tuliipitia Sheria Na. 6 ya 1975, inayoikabidhi Bodi ya Huduma za Maktaba kazi ya kuanzisha, kuendesha na kuendeleza maktaba. Leo nataka tuone wazo lilitoka wapi.

Kabla ya Uhuru kulikuwa na East African Literature Bureau, iliyoundwa 1948, makao yake Nairobi. Ilichapisha vitabu, lakini mimi kinachonisisimua ni masanduku yake. Sanduku la vitabu lilipelekwa mahali, likasomwa, likabadilishwa kwa jingine. Na msomaji aliyekuwa mbali aliazima kwa njia ya posta. Nairobi hiyohiyo ilikuwa na McMillan, maktaba ya fahari iliyofunguliwa 1931, ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia. Nguzo za mawe upande mmoja, sanduku upande wa pili. Nipeni sanduku.

Mkutubi wa Bureau, S. W. Hockey, ndiye aliyetoa ripoti ya 1960 kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Ushauri wake ulikuwa mfupi: kila nchi iwe na bodi moja ya taifa, gharama zibebwe na serikali kuu. Maktaba zikiachiwa miji, alijua, mwenye nacho ataongezewa na kijiji kitabaki na matangazo ya mnada. Ghana ilishatangulia kwa sheria ya 1949, ikiwa bado Gold Coast. Tanganyika ikatunga yake 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Siku ya Uhuru, si siku nyingine!

Sasa chukua kitabu cha zamani rafuni, fungua jalada la nyuma, tazama karatasi ya tarehe iliyobandikwa pale: mihuri imebanana, mmoja juu ya mwingine, kisha ghafla karatasi ni nyeupe. Hatukukosa ushauri, tuliacha kuazima. Kamati ya harusi hukusanya mamilioni kwa majuma machache. Kamati ya kununulia shule vitabu haijapata hata mwenyekiti.

Na wachapishaji nao wajitazame. Sheria inawataka wawasilishe nakala za vitabu vyao kwa Bodi bila malipo, ndipo bibliografia ya taifa ikamilike. Wapo wanaoiona kama kodi. Kitabu kisichowasilishwa leo, mjukuu wako atakitafuta wapi?

Sera mpya je? Nafasi imenibana, niseme hili tu: sera bila fungu la vitabu kwenye bajeti ya halmashauri itabaki ndani ya makabrasha, na Bodi haiwezi kununua kwa ushauri. Diwani wako muulize kabla bajeti haijapitishwa.

Juma lijalo: wakutubi wa shule, na chuo chao cha Bagamoyo.