Ua la Barazani na Uchungu wa Mama

Wale waliowahi kujifungulia katika hospitali yetu, au kuja kumtazama mzazi, wanayajua maua yaliyo kwenye vyungu barazani, mbele ya wodi ya wazazi. Majani yake ni marefu kama ukanda, ya kijani mwaka mzima, yanatoka ardhini moja kwa moja kama shada la nyasi kubwa. Katikati huchomoza kikonyo kimoja chenye kichwa cha maua ya rangi ya chungwa. Maua yakinyauka huacha matunda ya mviringo, makubwa kidogo kuliko gololi. Matunda hayo hukaa mabichi muda mrefu, na huchukua karibu miezi 9 hadi kuwa mekundu. Kwa sababu hiyo sisi wakunga tulizoea kuwatania akina mama kwamba hata ua letu lina mimba.

Kwa miaka mingi tulilimwagilia maji bila kujua habari zake. Siku moja tulitembelewa na Sista muuguzi kutoka Afrika Kusini, Mzulu. Alipofika barazani alisimama, akalitazama, akacheka. Akatuambia kwamba kwao ua hili huota lenyewe msituni, chini ya kivuli cha miti mikubwa, na kwamba bibi zake waliwapa wajawazito. Tangu siku hiyo hatukulitazama tena kama pambo tu. Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu yake, kwa sababu linatufundisha jambo linalogusa maisha ya akina mama wetu hapa hapa.

MMEA WENYEWE

Wataalamu wa mimea huliita Klivia. Kwa asili ni mmea wa mashariki ya Afrika Kusini na wa Eswatini. Wazungu walianza kuliandika vitabuni mwaka 1828, wakalipa jina la mwanamke wa ukoo wa Clive huko Uingereza. Baadaye likasambaa duniani kama ua la nyumbani, kwa kuwa linavumilia kivuli na halichoki upesi. Ndivyo lilivyofika hata katika bustani za nchi za mbali na kwao.

Wazulu wana jina lao kwa mmea huu, umayime. Ni mmoja wa mimea inayotiwa katika dawa ya wajawazito iitwayo isihlambezo, ambayo mama huanza kuinywa katika miezi ya mwisho ili mimba ikae vizuri na kuzaa kuwe kwepesi. Dawa hiyo ni mchanganyiko, na kila mganga ana mchanganyiko wake.

Je, ni imani tu? Hapana. Mwaka 1989 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha majaribio waliyofanya maabara kwa maji ya majani ya Klivia. Walipoyaweka kwenye misuli ya mji wa mimba wa mnyama, misuli ilikaza. Basi bibi zetu hawakuwa wajinga. Waliona kwa macho, wakakumbuka, wakafundisha mabinti zao. Mmea huu una nguvu kweli kweli, na hatari yake inatoka katika nguvu hiyo hiyo.

KWA NINI NGUVU HIYO NI HATARI

Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu yake. Hewa yake huletwa na damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Kila mji wa mimba unapokaza, mishipa inayopeleka damu hiyo hubanwa, na mtoto hukaa kwa muda mfupi kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Uchungu ukiachia, damu hupita tena naye hupata hewa. Uchungu wa kawaida una mwendo huo, hukaza, huachia, mtoto hupumzika. Mama naye hupumzika.

Mama akinywa kitu kinachokaza mji wa mimba kupita kiasi, ile nafasi ya kupumzika hupotea. Uchungu mmoja haujaisha, mwingine umeingia. Mapigo ya moyo wa mtoto hupungua. Mara nyingi hutoa choo chake cha kwanza humo humo tumboni, na maji ya chupa hutoka yakiwa ya kijani. Kama njia ni nyembamba, au mtoto amelala vibaya, mji wa mimba unasukuma mahali pasipo na mlango, na unaweza kupasuka. Hatari huzidi kwa mama aliyewahi kupasuliwa, kwa sababu lile kovu halina uimara wa nyama isiyoguswa. Ukipasuka, mama anaweza kutokwa damu nyingi ndani ya tumbo bila damu hiyo kuonekana nje.

Mwaka 1997 madaktari wa Hospitali ya King Edward VIII mjini Durban waliandika yale waliyoyaona kwa akina mama waliotumia dawa za miti katika mimba. Maji ya kijani yalionekana mara nyingi zaidi kwao kuliko kwa wale ambao hawakutumia, na waliohitaji upasuaji walikuwa wengi zaidi.

SI AFRIKA PEKE YAKE

Msomaji asifikiri tunawasema Wazulu, wala Waafrika. Wakunga wa Ulaya walitumia kuvu mweusi anayeota kwenye masuke ya nafaka iitwayo rai. Mwaka 1808 daktari wa New York, John Stearns, aliwaandikia wenzake kuusifu unga wake kwamba unaharakisha kuzaa. Madaktari wakaupenda, kwa kuwa haukuwachelewesha kitandani kwa mzazi. Lakini katika miaka ya 1820 daktari mwingine wa New York, David Hosack, alionya kwamba watoto wanaozaliwa wafu wameongezeka, akashauri unga huo utumike baada ya kuzaa tu, kuzuia damu. Mwaka 1935 wanasayansi walitenga kiini chake, na hata leo dawa hiyo ni moja ya zile zinazozuia damu baada ya mtoto kutoka.

Huko Kongo nako, mwaka 1960, daktari wa Norway aitwaye Lorents Gran aliona akina mama wakinywa maji ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu. Aliuchunguza, akakuta ndani yake kuna kitu kinachokaza mji wa mimba, tena hakiharibiki kwa kuchemshwa.

Tunasimulia haya ili mwelewe tofauti kati ya chungu cha bibi na dripu ya hospitali. Sisi pia tunayo dawa ya kuongeza uchungu, oksitosini. Lakini tunajua kipimo chake. Inaingia tone kwa tone, mkunga amekaa karibu, mkono juu ya tumbo, anasikiliza moyo wa mtoto. Uchungu ukizidi, tunafunga dripu, na baada ya dakika chache nguvu yake inapungua. Jani halina kipimo. Jani la kivulini si sawa na la juani, la masika si sawa na la kiangazi, na kikombe kilichokwisha kunywewa hakifungwi.

CHUPA ILIYOFICHWA NDANI YA KANGA

Tuna kisa kimoja ambacho hatujakisahau. Mama wa mimba ya tatu aliletwa usiku na mama mkwe wake. Alikuwa na uchungu usioachia, tumbo gumu kama ubao. Tulimwuliza kama amekunywa dawa yoyote. Akamtazama mama mkwe wake, akasema hapana. Tuliuliza tena, na hatuna budi kusema ukweli, safari hii tulipaza sauti. Akanyamaza. Tukaanza kutafuta sababu nyingine, na muda ukapita. Maji yalipotoka yalikuwa ya kijani kizito, na moyo wa mtoto ulikuwa ukienda polepole. Daktari aliitwa, mama akapasuliwa. Yeye alipona. Mtoto hakupumua.

Asubuhi yule bibi alitufuata barazani, akatoa chupa ndogo ya soda ndani ya kanga yake, ikiwa imebaki maji kidogo ya rangi ya kahawia. Mti gani ulikuwamo, hatukupata kujua. Alisema, "Wanangu, niliogopa mtatutukana mbele ya watu." Hatukuwa na jibu, kwa sababu kweli tungemtukana.

Siku ile tulijifunza kwamba dawa ilianza kumdhuru mtoto, lakini ukimya uliongeza hasara, na ukimya huo tuliujenga sisi wenyewe kwa ukali wetu. Mama anayeogopa kukemewa huficha. Akificha, mkunga anafanya kazi gizani. Angeweza hata kumwekea dripu ya kuongeza uchungu juu ya dawa aliyokwisha kunywa.

Tangu hapo tumebadili namna ya kuuliza. Kila mama anayepokelewa tunamwuliza kwa sauti ya chini, akiwa peke yake na mkunga, "Tangu uchungu uanze umekula nini na umekunywa nini? Chai, uji, maji, dawa ya hospitali, dawa ya miti?" Tunamwuliza kila mtu, awe mke wa mwalimu au wa mkulima, ili asiwepo anayejiona ameshukiwa. Na akisema amekunywa, tunamshukuru.

TUNAWAOMBA MAMBO HAYA

1. Mama mjamzito, usinywe dawa yoyote ya kuleta au kuongeza uchungu nyumbani, iwe ya miti au vidonge vya dukani. Uchungu una saa zake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba tangu mlango wa uzazi ufikie sentimeta 5, mimba ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 12, na zinazofuata hadi saa 10. Kuchelewa kwa saa chache si ugonjwa. Likikutia shaka, njoo upimwe.

2. Kama umekwisha kunywa, sema mara tu ufikapo. Taja ulikunywa saa ngapi na kiasi gani. Kama jani au chupa ipo, ije nayo. Hatuitaki kwa ajili ya kukushtaki.

3. Akina mama wakwe na akina bibi, heshima yenu nyumbani ni kubwa, na mara nyingi ninyi ndio mnaoamua mzazi aondoke saa ngapi. Mwacheni aondoke mapema. Safari iliyoanza kabla ya uchungu kukolea haihitaji dawa ya kuharakisha.

4. Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, au aliyeambiwa kliniki kwamba mtoto amekaa vibaya, asijaribu hata kikombe kimoja. Ahamie karibu na hospitali kabla ya siku zake.

5. Wakunga wa jadi, mleteni mama ninyi wenyewe, mkae naye. Ninyi mnajua alikopitia kabla ya kutufikia.

6. Ninyi wenzetu wauguzi, tuzuie ndimi zetu. Neno moja la ukali usiku huu litafunga midomo ya akina mama wa kijiji kizima kwa mwaka mzima.

Na juu ya ua letu, tafadhali asiwepo atakayesoma ukurasa huu akaenda kuchuma majani yake. Mmea wote una sumu, mizizi, majani na yale matunda mekundu yanayovuta macho ya watoto. Mtoto akiyala anaweza kutokwa mate mengi, kutapika na kuhara. Mtoeni mabaki mdomoni, msukutueni kwa maji, msimlazimishe kutapika, na mleteni hospitali pamoja na kipande cha mmea alioula.

Vyungu vyetu sasa tumevipandisha juu ya ukuta mfupi wa baraza, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mwezi uliopita matunda yaliiva tena. Mama mmoja aliyekuwa akitembeatembea kusubiri uchungu wake alituuliza ni mti gani huo. Tulimweleza yote mliyoyasoma hapa. Akanyamaza kidogo, kisha akatusogelea na kutuambia kwa sauti ya chini kwamba mkobani mwake mna kichupa alichopewa na shangazi yake, na kwamba hajakifungua bado. Alikitoa, akatukabidhi. Alijifungua alfajiri, mtoto wa kike, akilia kwa nguvu.