Boti ya Faiba na Joto Lililoiivisha

Boti nyingi za faiba hupakwa rangi nyeupe, na sababu si urembo tu. Chukua boti ya buluu iliyokoza, uianike juani kutwa kwa siku kadhaa. Ubavu uliotoka kiwandani ukiwa laini na unang'aa unaweza kuanza kuonyesha alama za mkeka wa nyuzi uliofichwa ndani. Rangi imevuta joto jingi, lakini chanzo hasa ni namna rezini ilivyoivishwa.

Faiba ni vitu viwili vilivyoshikamana: nyuzi za kioo, ambazo hazilainiki hadi joto lipite sentigredi 800, na rezini ya poliesta, ambayo, ikiwa ya kawaida, hulegea hata kabla ya kufika 100. Tena, ikipata joto, rezini hutanuka mara kadhaa zaidi ya kioo. Basi boti itahimili jua kwa kadiri rezini yake ilivyokomaa.

Kuganda kwenyewe huzalisha joto. Fundi huchanganya rezini na kichocheo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, huipaka kwenye mkeka wa nyuzi, kisha hupitisha rola ili mapovu yatoke. Kichocheo kikipungua mno, rezini haikomai. Kikizidi, au tabaka nyingi zikipigwa kwa mkupuo mmoja, joto hukosa pa kutokea na kazi hupasuka au kupinda. Rezini iliyokwisha kuchanganywa ikisahauliwa ndooni huweza hata kufuka moshi.

Hata ikiganda vizuri, kazi haijaisha. Molekuli huungana maadamu zina nafasi ya kusogea. Zikishabanana, muungano hukwama na kiasi cha stairini, ambayo ni sehemu ya rezini, hubaki huru. Boti iliyogandia kivulini kwenye sentigredi 25 huwa ngumu mkononi, lakini ikipigwa na jua kali muungano huendelea, rezini husinyaa kidogo, na alama za nyuzi hujitokeza.

Dawa yake ni kuipasha boti joto mapema, ikiwa bado ndani ya kalibu. Utaratibu unaotumika sana kwa poliesta ni kuiacha saa 24 kwanza, kisha kuiweka kwenye sentigredi 80 kwa saa 3, au sentigredi 40 kwa saa 16. Rezini ni ileile, ila sasa huhimili joto kubwa zaidi kabla ya kulegea.

Anayetaka boti ya rangi iliyokoza amuulize fundi kabla ya kulipa: ilipashwa joto kiasi gani, na kwa saa ngapi? Asipopata jibu la kueleweka, achukue nyeupe.