Karanga Ndani ya Bizari

Mwishoni mwa Desemba 2014, kampuni moja ya viungo huko Texas ilitangaza kwamba inaiondoa sokoni bizari nyembamba yake ya unga, ile ambayo wengine huiita jira. Bizari haikuwa imeoza wala haikuwa na vijidudu. Ilikuwa na protini ya karanga, na lebo haikusema neno juu ya karanga.

Kama bizari ingekuwa inanunuliwa na wapishi wa nyumbani peke yao, habari ingeishia hapo. Lakini bizari ya unga hupita mikono mingi. Msagaji humuuzia mchanganyaji wa viungo, mchanganyaji humuuzia mwenye kiwanda cha supu na mwenye kiwanda cha kuku waliokolezwa. Kila mmoja huandika kwenye pakiti yake kile alichoambiwa na aliyemtangulia. Kwa hiyo lebo za huku mwisho zilikuwa za kweli kadiri waliozichapa walivyojua, na bado zilikuwa za uongo. Wiki hadi wiki orodha ilirefuka mpaka ikafika mamia ya bidhaa, na Februari 2015 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikawashauri wenye aleji kali ya karanga wafikirie kuacha kabisa vyakula vyenye bizari ya unga.

Anayesikia kwamba chakula kimeondolewa madukani kwa sababu ya chembe za karanga anaweza kudhani Wamarekani wanadeka. Hawadeki. Mtu mwenye aleji ya karanga ana kingamwili za aina ya IgE zilizoundwa mahsusi kuzitambua protini za karanga. Kingamwili hizo zimejipachika juu ya seli zilizoshiba histamini, nazo seli zimetawanyika kwenye ngozi, kooni, mapafuni na tumboni. Protini ya karanga ikifika na kuzinasa kingamwili mbili zilizo jirani kwa mpigo, seli hufunguka na kumwaga ilichobeba. Midomo huvimba, njia ya hewa hubana, mishipa ya damu hulegea na shinikizo la damu huporomoka. Hali ikifika hapo, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, tena mapema. Kuoga maji baridi, kunywa maziwa au kusubiri kidonge cha kutuliza mwasho kifanye kazi ni kupoteza dakika ambazo mgonjwa hana.

Moto wa jikoni nao hausaidii. Protini kama Ara h 2, ambayo ni miongoni mwa zile zinazoleta madhara makubwa kwenye karanga, ina umbo lililokazwa kwa vifungo imara vya kikemikali. Huvumilia kukaangwa, kisha huvumilia tindikali ya tumbo. Ndiyo maana bizari iliyoungwa kwenye mafuta ya moto na kuchemka saa nzima bado inaweza kudhuru.

Kiasi gani kinatosha? Mwaka 2021 wataalamu walioitwa na FAO na WHO walipendekeza kiwango cha rejea cha miligramu 2 za protini ya karanga kwa mlo mmoja, kiwango ambacho idadi kubwa ya wenye aleji hiyo hawatarajiwi kupata dalili za wazi. Punje moja ya karanga ina protini ya miligramu 200 hivi. Kwa hiyo tunazungumzia sehemu ya mia ya punje. Bizari yenye miligramu moja tu ya protini hiyo katika kila gramu, ukiweka gramu mbili kwenye sahani ya mtu, umeshafika. Hakuna jicho wala ulimi utakaoigundua.

Karanga iliingiaje? Ziko njia za bahati mbaya: gunia lililowahi kubeba karanga, kinu kisichosafishwa, mashamba yanayopakana. Iko pia njia ya makusudi. Profesa Chris Elliott wa Queen's University Belfast, ambaye alikuwa ametoka kuiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyofuata kashfa ya nyama ya farasi iliyouzwa kama ya ng'ombe, alisema hadharani kwamba ananusa udanganyifu. Mavuno ya bizari huko Gujarat yalikuwa yamekwenda vibaya, bei imepanda, na maganda ya karanga au ya lozi yakisagwa hugeuka unga wa rangi ya udongo usio na thamani. Anayeongeza uzito wa gunia kwa maganda huenda anawaza faida tu. Hajui, au hajali, kwamba anaweka sumu kwenye chakula cha mtu fulani.

Uingereza ndiko hadithi ilikopinda. Tarehe 31 Januari 2015 bizari ya unga ya kampuni ya Bart iliondolewa madukani kwa sababu vipimo vilionyesha lozi. Kipimo kilichotumika, ELISA, nacho hufanya kazi kwa kingamwili: zimebandikwa kwenye vishimo vidogo vya plastiki, unamwaga sampuli, na protini inayotafutwa ikiwamo hunaswa na rangi hubadilika. Tatizo ni kwamba kingamwili husoma umbo, hazisomi jina. Sampuli zilipofika kwa mkemia wa serikali, maabara ya rufaa ya nchi hiyo, wachunguzi walipima vinasaba, kisha wakavunja protini vipande na kupima uzito wa kila kipande. Kwenye bizari hawakukuta lozi. Walikuta mahalebu, mbegu ya mti wa jamii ya cheri ambayo Waarabu na Waturuki hukolezea mikate na vitamutamu. Mahalebu na lozi ni ndugu wa ukoo mmoja, na kipimo kilikuwa kimemshika ndugu asiyetafutwa. Paprika iliyopimwa katika mkasa huohuo, kwa upande wake, ilikuwa na lozi kweli. Juni 2015 tangazo la bizari lilifutwa.

Mahalebu nayo haikuwa kwenye lebo, lakini haimo katika orodha ya Ulaya ya vyakula 14 ambavyo lazima vitajwe. Binafsi naona waliotangaza Januari walifanya sawa. Uchunguzi ulichukua miezi, na chakula cha jioni hakisubiri miezi.

Visa vingi vya namna hii havina tapeli wala maabara ya rufaa. Mara nyingi ni bidhaa iliyoingia kwenye pakiti ya bidhaa nyingine, au mtambo unaotumiwa kwa zamu. Chokoleti ndiyo mkaidi zaidi: mitambo yake haioshwi ovyo kwa maji, kwa kuwa maji na chokoleti havipatani, hivyo chokoleti ya maziwa huacha mabaki yanayoingia kwenye ile nyeusi inayofuata. FDA ilipopima chokoleti nyeusi 88 ambazo orodha ya viambato haikutaja maziwa, 51 zilikuwa na maziwa. Na wakati mwingine utaratibu huchekesha: Oktoba 2024 siagi iliyouzwa na maduka ya Costco ya Marekani, kilo zipatazo 36,000, iliondolewa kwa sababu pakiti iliandika krimu ikasahau kusema kwamba ina maziwa.

Sheria nayo huweza kuzaa kisichotarajiwa. Tangu Januari 2023 ufuta ni kisababishi cha tisa cha aleji ambacho lazima kitajwe Marekani. Baadhi ya viwanda vya mikate viliona kusafisha mitambo mpaka ufuta uishe ni gharama, vikaamua kuongeza unga wa ufuta kwenye mikate ambayo haikuwa nao, kisha vikauandika. Sheria imetimizwa, na mwenye aleji amepungukiwa mkate.

Kwetu, tangazo la kuondoa chakula sokoni likitoka, mara nyingi ni la sumukuvu, kama pale KEBS, shirika la viwango la Kenya, iliposimamisha chapa tano za unga wa mahindi Novemba 2019. La karanga zisizotajwa ni nadra kulisikia. Wakati huohuo unga wa lishe tunaowapa watoto huwa na karanga, soya, ngano na pengine dagaa, kila mama na mchanganyo wake, na mashine inayousaga ndiyo inayosaga mtama wa jirani. Pilau masala ya sokoni hupimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kijifuko. Haina jina la msagaji wala namba ya bechi, na bila namba ya bechi hakuna kitu cha kurudisha. Muuzaji akiletewa gunia jipya hulimwagia juu ya lililobaki.

FDA ilipotoa onyo lake mwaka 2015 ilizungumzia bizari iliyosagwa. Bizari nzima unaweza kuichambua. Mwenye aleji ya karanga anayetaka pilau yake na anunue bizari ikiwa punje, aimwage kwenye ungo, aondoe kila kisichofanana na mwenzake, kisha aitwange kwenye kinu ambacho hakijawahi kuona karanga.